Sura ya Tano: Mota Haiinui Mlango

Mota haiinui mlango. Mtu aliyezoea kubonyeza rimoti akaona bati lenye upana wa gari likipanda mpaka darini atadhani ni mzaha, lakini ndivyo ulivyo mlango wa kawaida wa gereji. Chukua mlango wa kilo 100. Mota iliyofungwa darini, mara nyingi ya nusu nguvu ya farasi, haikutengenezwa ibebe uzito huo asubuhi na jioni kwa miaka. Anayebeba ni springi: ile nene iliyosokotwa kwenye chuma juu ya mlango, au zile mbili ndefu zinazovutwa pembeni. Mlango ukishuka, unaikaza springi. Ukipanda, springi inairudisha ile nguvu. Springi ikiwa imepimwa vizuri, kilo 100 zinakuwa mkononi kama ndoo ya maji, na mota inasukuma hicho kidogo kilichobaki. Mmarekani C. G. Johnson alibuni mlango wa kupanda juu mwaka 1921, na mota ya kuufungua ikafuata mwaka 1926. Miaka 5 hiyo mlango wake uliinuliwa kwa mkono, na watu waliingia na kutoka. Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Kufungua kwa mkono ndiyo kazi ya asili ya mlango, na mota ni mpangaji aliyekuja baadaye. Mwenye nyumba anayemtegemea mpangaji ajue hata pa kuingilia, siku mpangaji akihama atalala nje.

Katikati ya Dar es Salaam neno gereji humpeleka msikilizaji kwa fundi wa magari, wala si kwenye chumba cha kulaza gari. Nyumba zenye mlango wa kupanda darini ni chache, na nyingi ziko mbali na Kariakoo. Lakini mlango huo una ndugu zake mjini. Wa kwanza ni geti la kusukuma, linalotembea juu ya reli kwa mota iliyofungwa chini kando ya nguzo, kama yalivyo mageti mengi ya Upanga. Wa pili ni shata, mlango wa vipande vya bati unaojikunja kwenye bomba juu ya fremu ya duka. Wa tatu ni mlango wa paking iliyo chini ya ghorofa, ambako magari ya wapangaji wote hutokea tundu moja. Maumbo yanatofautiana, lakini swali la kumuuliza fundi ni lilelile: uzito unabebwa na nini? Geti hubebwa na magurudumu na reli. Shata ndogo hubebwa na springi iliyofichwa ndani ya bomba. Shata kubwa ya mota mara nyingi haina springi, na hapo, kinyume na jina la sura hii, mota inabeba kweli. Kwa sababu hiyo hiyo mtengenezaji mwaminifu huifungia mnyororo au tundu la hendo ya kuzungusha, ili gia ifanye polepole kile ambacho mkono mtupu usingekiweza. Shata kubwa isiyo na kimojawapo ni ukuta unaokubali kufunguka pale umeme unapopenda.

Na umeme wetu tunaujua. Watu wazima wa Dar es Salaam wanaikumbuka migao ya 2006 na 2011, na vijana wanaukumbuka ule ulioanza nusu ya pili ya 2023 ukaingia 2024. Hata hivyo mgao una adabu yake: hutangazwa, huwa na ratiba hata kama ratiba haifuatwi, na mwenye duka anaweza kujipanga. Kinachomkuta mtu mlangoni ni ule ukatikaji usio na tangazo. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi ya taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme. Ng'ambo ya bahari, Unguja ilikosa umeme wa gridi kuanzia Mei hadi Juni 2008, kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia inayovusha umeme chini ya bahari kutoka bara. Mara ya pili ilikuwa takribani miezi 3, na miezi 3 si muda wa kukaa mlangoni ukisubiri taa iwake. Milango ya Mji Mkongwe, ile ya mbao nzito yenye komeo na mnyororo, haikujua kama kuna kilichotokea.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya zamani. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini zilinganishe tarehe: gridi ilizima Aprili, baada ya mtambo huo kuanza kazi. Uhaba wa umeme ni ugonjwa mmoja tu kati ya mingi. Kati ya Rufiji na duka la Mtaa wa Mkunguni kuna laini ndefu, vituo vya kupoza umeme, transfoma, mita, breka, fyuzi, kapasita ya mota, swichi zinazoiambia mota isimame, na betri ndogo ya rimoti. Kimoja kikigoma, megawati zote za Rufiji hazisogezi bati hata kidole. Mjusi kafiri akitafuta joto ndani ya boksi la mota na kulala juu ya saketi, shughuli imekwisha. LUKU nayo, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ina namna yake: uniti zikiisha saa 9 usiku, nyumba moja inaingia kwenye mgao wake yenyewe huku jirani akiendelea kupulizwa na feni. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama nchi ina umeme wa kutosha. Jiulize ni vitu vingapi vinatakiwa viwe vizima kwa pamoja ndipo wewe utoke nje.

Gharama ya kulikwepa swali hilo ilionekana Kalifonia, Marekani, jimbo tajiri ambalo kukatika kwa umeme ni habari ya magazetini. Oktoba 2017 moto wa nyika uliingia kwenye makazi ya kaskazini mwa jimbo hilo usiku. Umeme ulikatika, magari yakawa yamefungiwa gereji, na baadhi ya wakazi, wengi wao wazee, walishindwa kufungua milango. Wapo waliofia humo. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria, na kuanzia 1 Julai 2019 kila mota mpya ya mlango wa gereji inayouzwa au kufungwa kwenye nyumba za kuishi lazima iwe na betri ya akiba. Huko kwao mota za darini huja na kamba nyekundu ya kuuachanisha mlango na mota. Kamba hiyo inamsaidia aliyeonyeshwa jinsi ya kuivuta, na anayekuta baada ya kuivuta kwamba mlango una springi nzima na unainuka. Sisi moto tunaufahamu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliwaka moto kwenye Soko Kuu la Kariakoo. Sisemi kwamba milango ya mota ilihusika na mkasa huo. Ninachosema ni kwamba moto wa usiku hukuta milango imefungwa, na kwamba kukata umeme ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kufanywa jengo linapoungua. Mlango unaotegemea mota peke yake umepangiwa kufa saa hiyohiyo unapohitajika. Ukipiga 114, Zimamoto watakuja, lakini aliye ndani anatakiwa aanze kutoka kabla hawajafika.

Pingamizi la wenye uwezo ni betri na jenereta, nami sibezi kimojawapo. Betri ni nzuri ikiwa inapimwa. Tatizo lake ni kwamba hufa kimya, na joto la Dar es Salaam huharakisha kifo hicho. Siku ya kwanza unayoihitaji ndiyo siku unayogundua kwamba ilikwisha zamani. Jenereta nayo ina mazoea yanayostahili kuchekwa kama yasingekuwa hatari: mara nyingi huwekwa stoo, ndani ya paking, au nyuma ya duka, yaani upande wa pili wa mlango ambao inategemewa kuufungua. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba inayotakiwa kufunguliwa. Na hata jenereta ikiwaka, haiponyi mota iliyoungua, gia iliyokatika meno wala rimoti iliyodumbukia kwenye ndoo. Betri na jenereta hurudisha umeme. Mkono hurudisha mlango, umeme uwepo usiwepo, ndiyo maana lazima uwe wa kwanza kuandaliwa, vingine vifuate.

Tulitazame geti kwa karibu, kwa kuwa ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalowashinda wengi. Chini ya nguzo kuna boksi la mota, usawa wa goti. Ubavuni mwake, au mbele, kuna kifuniko kidogo chenye tundu la ufunguo, na mara nyingi kimezibwa na vumbi na maganda ya mayai ya mjusi. Kabla ya kukigusa, zima breka ya geti. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, kwa wazo kwamba umeme haupo hivyo hakuna cha kuzima. Lakini umeme haubishi hodi unaporudi, na vidole vikiwa kati ya gia na meno ya geti wakati huo, havitapona. Baada ya hapo, zungusha ufunguo na vuta mkono wa chuma au plastiki ulio nyuma ya kifuniko. Utasikia mlio mdogo, au utahisi geti limelegea: gia imeachana na meno yaliyofungwa kando ya geti. Sasa lisukume kwa kiganja kutokea mwisho wake, taratibu, maana chuma kizito kikishapata mwendo hakisimami kwa kuamriwa. Reli ikiwa na mteremko, mtu wa pili akae upande wa pili alizuie. Na ukishapita, kumbuka kwamba geti lililoachanishwa na mota halina kufuli. Mota ndiyo iliyokuwa inalizuia. Lifunge kwa mnyororo na kufuli ya kawaida, au mpita njia atalisukuma kwa bega.

Shata inadai uangalifu zaidi. Kwanza, angalia kufuli za chini, pande zote mbili. Mota ikiamriwa kupandisha shata ambayo kufuli yake ingali imefungwa, huungua au huvunja vipande vya bati, na mwenye duka hulaumu umeme. Shata ndogo ya springi huinuliwa na watu wawili, mmoja kila upande, kwa mwendo mmoja. Akiinua mmoja upande mmoja, bati hukaa mshazari kwenye reli zake na kukwama pale, halipandi halishuki. Shata ya mnyororo huvutwa kwa mikono miwili kwa mpigo wa polepole, bila kukatiza, na ya hendo huzungushwa hadi mkono uchoke, kwa sababu gia inabadilisha uzito kuwa muda. Hendo isiachwe ikining'inia kwenye tundu lake baada ya kazi. Umeme ukirudi na mota ikaamka, chuma hicho kinazunguka na kumkuta aliye karibu.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote: kwamba kumfundisha kila mtu kufungua mlango kwa mkono ni kumkabidhi silaha asiyeijua. Springi iliyokazwa ina nguvu ya kuvunja mkono, na mlango wa kupanda juu ambao springi yake imekatika, ukiachanishwa na mota ukiwa wazi, unaanguka wote kwa uzito wake kamili. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake linapatikana ndani yake. Hatari hiyo haikuletwa na mkono. Ilikuwepo, na mota ndiyo iliyokuwa inaificha. Springi inapochoka kidogo kidogo, mota huongeza juhudi na haimwambii mtu, hadi siku inapoungua. Mkono haufichi. Mlango wa gereji ukiwa umefungwa na umeme umezimwa, uachanishe, uuinue hadi nusu, kisha upunguze nguvu bila kuuachia. Ukitulia hapo, springi ni nzima. Ukikulemea kurudi chini, ushushe kwa utaratibu, usiinue tena, na umwite fundi; springi yenyewe usiiguse, hiyo ni kazi ya mwenye vyuma vyake na ujuzi wake. Sheria ya kukumbuka ni moja: achanisha mlango ukiwa chini. Anayejaribu hivyo kila mwezi anajua afya ya mlango wake, na asiyejaribu anaijulia siku ya msiba.

Wapo watakaosema, na katika Kariakoo wana haki ya kusema, kwamba njia ya mkono ni njia ya mwizi. Duka lenye mzigo wa mamilioni haliwezi kuwa na tundu la nje ambalo yeyote mwenye waya anaweza kulichokonoa. Lakini njia ya mkono haina ulazima wa kuwa wazi. Mnyororo wa shata hukaa ndani. Duka lenye mlango wa nyuma halihitaji zaidi ya hapo, kwani mwenye duka ataingia nyuma na kuvuta. Duka lenye mlango mmoja tu ndilo lenye mtihani, na fundi anayeijua kazi ataliwekea kufuli ya nje yenye ufunguo wake, iliyounganishwa kwa waya wa chuma na breki ya mota. Ufunguo huo utunzwe kama ule wa sefu: mmoja kwa mwenye duka, mwingine mahali pengine pa kuaminika, usiachwe ndani ya duka lilelile. Usalama una pande mbili, wa kumzuia aliye nje na wa kumtoa aliye ndani. Komeo la mlango wa pwani lilizikumbuka zote mbili: lilimzuia mgeni, na aliye ndani alilisogeza gizani kwa kidole.

Pingamizi la mwisho ni la uvivu, lakini lina wafuasi wengi: fundi yupo, atakuja. Atakuja mchana. Tangu Februari 2025 biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo, kuna milango inayofunguliwa na kufungwa saa ambazo fundi amezima simu. Na akija, hukuta kazi mbili badala ya moja, kwa sababu mtu aliyekata tamaa amekwisha kuilazimisha shata kwa nondo. Methali inasema akiba haiozi, lakini akiba ya chuma kwenye mji wa bahari huota kutu. Upepo wa chumvi unaingia kwenye tundu la ufunguo, unakausha grisi ya gia, unaunganisha pete za mnyororo usiovutwa. Njia ya mkono isiyotumika mwaka mzima inaweza kugoma pamoja na mota, na hapo mwenye nyumba atasema kwamba njia ya mkono haifai. Itafaa ikiwa inavutwa kila mwezi, ikafutwa vumbi, na kupakwa mafuta pale fundi alipoonyesha.

Kariakoo yenyewe ina mwalimu wa jambo hili. Soko Kuu alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilipewa mapaa makubwa ya zege yenye umbo la mwavuli uliogeuzwa, yanayoacha mwanga na upepo upite kati yake na kukusanya maji ya mvua kuyapeleka kwenye tangi la chini. Msanifu hakuukataa umeme. Alianza kwa kuuliza jengo lifanye nini lenyewe, na mashine zikafuata baadaye. Maghorofa yanayolizunguka leo mara nyingi yameuliza kwa mpangilio wa kinyume, na mlango wa mota usio na mnyororo ni jibu dogo la swali lililoulizwa vibaya.

Pengo linalobaki ni la nani anajua. Aliyenunua mlango ni mwenye jengo, na huenda haishi Kariakoo. Rimoti iko kwa mwenye duka. Kijitabu cha maelezo kimepotea siku ya kufunga mota. Anayelala mlangoni ni mlinzi, anayefungua asubuhi ni kijana wa duka, na hao wawili ndio ambao hawajawahi kuonyeshwa kifuniko kinafunguliwa vipi. Nafasi nzuri ya kulirekebisha hilo ni ile asubuhi ambayo dalali anakabidhi fremu. Mpangaji huhesabu funguo za kufuli, hujaribu taa, husoma uniti zilizobaki kwenye mita, kisha hutoa kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kabla hajatoa, aombe kitu kimoja zaidi: breka izimwe, na mlango ufunguliwe na kufungwa mbele yake, kwa mkono, na kijana wake ndiye avute.